Kichwa cha slaidi kiseme hoja, si mada

Angalia mstari wa juu kabisa wa slaidi nyingi zinazoonyeshwa kwenye semina, mikutano mikuu na utetezi wa tasnifu. Utakuta "Utangulizi", "Changamoto", "Matokeo", "Mapendekezo". Hayo ni majina ya sehemu tu. Mtu aliyekaa nyuma, aliyeingia kwa kuchelewa na simu inamtetemea mfukoni, akiinua macho akakuta "Matokeo" hajaambulia kitu. Akikuta "Mbolea ilifika wiki tatu baada ya mvua kuanza", ameshalishika jambo zima, na dakika mbili utakazoongea zinampa ushahidi wa kitu ambacho tayari anacho kichwani.

Naamini uhai wa wasilisho uko hapo. Rangi, picha, fonti na mbwembwe za maandishi kuingia yakizunguka ni mambo ya baadaye, na hayaokoi slaidi ambayo mstari wake wa juu haujasema kitu.

Uzito wa mstari huo unaonekana kwenye slaidi moja ya Januari 2003. Chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilirushwa tarehe 16 mwezi huo, na sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu gumu linalohami tangi la nje la mafuta kilibanduka kikapiga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walipiga hesabu wakaandaa slaidi za kuwaeleza wasimamizi wa safari. Kichwa cha slaidi mojawapo kilisema, kwa maana yake, kwamba data za majaribio ya nyuma zinaonyesha makadirio ya vigae vya kukinga joto kutobolewa yalikuwa ya tahadhari, yaani yalikuza hatari kuliko ilivyo. Anayesoma kichwa hicho anashusha pumzi. Chini yake kulikuwa na orodha ya nukta (bullets), ndani ya nukta nukta nyingine, herufi zikipungua ngazi kwa ngazi, na kwenye mstari wa mwisho kabisa ndipo palipoandikwa kwamba kipande cha safari hii kinakadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, wakati cha majaribio kilikuwa na inchi 3. Ni mara 640. Data zilizosifiwa kwenye kichwa zilihusu kitu cha ukubwa mwingine kabisa.

Columbia ilisambaratika ikirudi duniani tarehe 1 Februari 2003, na wanaanga wote 7 wakafa. Bodi ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti mwaka huo, iliichapisha slaidi hiyo na kusema ni rahisi kuelewa jinsi mkubwa wa kazi angeweza kuisoma asitambue kwamba inazungumzia hatari ya uhai wa watu. Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi na slaidi haikuwa ndiyo iliyotoboa bawa. Lakini fikiria kichwa kingesomeka hivi: "Kilichopiga chombo ni kikubwa mara 640 kuliko tulichowahi kupima". Mkutano ule ungekuwa na maswali mengine.

Tena inchi za ujazo hazionekani akilini. 1,920 ni lita 31 na ushee, yaani ndoo moja na nusu ya lita 20. Zile 3 ni mililita 49, hazijazi hata kikombe kidogo cha kahawa. Chora ndoo na kikombe ubavu kwa ubavu, juu andika sentensi ile ya mara 640, na usiongeze kitu. Hakuna atakayeisahau.

Kwa hiyo usianze kwa kufungua PowerPoint. Ukiifungua kwanza inakuletea kisanduku cha kichwa na chini yake kisanduku cha nukta, nawe utavijaza kwa sababu viko wazi vinakusubiri. Chukua karatasi uandike sentensi tupu. Ya kwanza kuandika ni ile ya mwisho kusemwa: kesho mtu aliyekuwepo akiulizwa na mwenzake "jana walisema nini?", unataka ajibu nini? Jibu hilo liandike kwa maneno yaleyale ambayo angeyatumia yeye. Kisha panga sentensi zinazomfikisha hapo. Kwa wasilisho la dakika 20, sentensi 8 hadi 12 zinatosha.

Kila sentensi iwe na kitenzi, na namba kama ipo. Isizidi maneno 14 hivi, ili ikae kwenye mistari miwili kwa herufi za saizi 32. Ukiona "pia" au "sambamba na" katikati yake, ujue umebana slaidi mbili ndani ya moja. Ukimaliza, msomee sentensi hizo peke yake mtu asiye wa fani yako, bila kuongeza maelezo. Pale anapouliza "kwa nini?" pana slaidi inakosekana. Pale anaposema "hiyo si umeshasema?" pana slaidi ya kufuta. Kazi hii inachukua saa moja na ndiyo inayoamua yote, ingawa wengi wanaipa dakika tano halafu wanatumia jioni nzima kuchagua rangi ya mandhari.

Sentensi zikisimama, sasa fungua programu, chagua mpangilio wa slaidi wenye kichwa pekee, na uweke sentensi moja kwa kila slaidi. Nafasi iliyobaki chini ni ya ushahidi: grafu moja, picha moja, ramani moja, au namba moja iliyoandikwa kubwa.

Tuchukue mfano wa kutunga. SACCOS ina mkutano mkuu, mhasibu anatakiwa kueleza mikopo iliyochelewa kurejeshwa. Slaidi ya mazoea ina kichwa "Hali ya Mikopo" na jedwali lililonakiliwa moja kwa moja kutoka Excel: aina 4 za mikopo kwa miezi 12, jumla pembeni na jumla chini. Hizo ni seli 65 za namba kwa herufi za saizi 9. Mhasibu ataanza kwa kusema "najua huko nyuma hamuoni vizuri", kisha atazisoma. Ukijikuta unahitaji sentensi hiyo, slaidi irudi jikoni.

Swali la kuanzia ni: wanachama wanatakiwa waamue nini? Tuseme bodi inapendekeza masharti ya mikopo ya biashara yakazwe. Basi mchanganuo wa miezi 12 hauna kazi ukutani, unaenda kwenye makabrasha ambako mwenye nia ataukagua kwa kalamu. Zinabaki namba 4: mikopo ya biashara shilingi milioni 36, kilimo milioni 7, ada za shule milioni 3, dharura milioni 2. Jumla milioni 48. Kichwa kinajiandika chenyewe: "Robo tatu ya madeni yaliyochelewa ni mikopo ya biashara".

Sasa grafu. Tumia nguzo za kulala, kwa sababu majina yetu ni marefu na "Mikopo ya dharura" ikiwekwa chini ya nguzo iliyosimama, Excel itaigeuza ikae mshazari, watu wainamishe shingo. Panga kubwa juu, ndogo chini. Hapa pana mtego: kwenye nguzo za kulala Excel huweka safu ya kwanza ya data chini kabisa, kwa hiyo kwenye jedwali panga kuanzia ndogo kwenda kubwa. Futa mistari ya gridi. Futa mhimili wa namba na badala yake andika namba mwisho wa kila nguzo. Futa kisanduku cha kueleza rangi. Nguzo ya biashara ipe rangi moja nzito, zile tatu zibaki kijivu. Jicho litaenda mahali ambapo sentensi imelielekeza, na hapo kichwa na grafu vinasema kitu kimoja.

Hakikisha nguzo zinaanzia 0. Namba zikikaribiana, mfano 92, 94 na 95, Excel inaweza kuanzisha mhimili mbali na 0, na tofauti ndogo ikaonekana kama mlima. Hilo ni kuwapotosha watu hata kama hukukusudia. Duara la vipande nalo silipendekezi: kipande cha milioni 3 na cha milioni 2 havitofautiki kwa macho, na ukilipa umbo la 3D lililolala, kipande cha mbele kinanenepa kuliko haki yake. Kama hoja ni mwenendo wa mwaka mzima, tumia mstari, na jina la kila mstari liandikwe kwenye ncha yake. Usiache nyekundu na kijani zibebe maana peke yake, maana katika ukumbi uliojaa kuna watu, hasa wanaume, wasiozitofautisha rangi hizo mbili.

Slaidi inayofuata inajibu kwa nini, na ya tatu inaomba uamuzi: "Tunaomba mkopo wa biashara uwe na wadhamini wawili badala ya mmoja". Slaidi tatu, dakika sita hivi, na mwanachama anaondoka akijua alichopigia kura.

Sababu ya kuondoa aya na nukta ndefu imo kwenye namna akili inavyofanya kazi. Mtu akiona maneno atayasoma, hawezi kujizuia, na kusoma na kusikiliza vinagombania nafasi ileile ya kuchakata lugha. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye amefanya majaribio mengi ya kujifunza kwa maneno na picha, anaonyesha kwamba watu hujifunza vizuri zaidi kwa picha na sauti kuliko kwa picha, sauti na maandishi yanayorudia sauti hiyohiyo. Ukiandika aya nzima ukutani kisha ukaisoma, hadhira inakutangulia, inafika mwisho, na inakusubiri. Hapo ndipo simu zinatoka.

Kwetu kuna tatizo jingine juu ya hilo: slaidi za Kiingereza, maelezo ya Kiswahili. Msikilizaji anasoma lugha moja, anasikia nyingine, anatafsiri katikati, na anapoteza vyote viwili. Kama wasilisho lote litatolewa kwa Kiswahili, vichwa viwe Kiswahili, na majina ya kitaalamu yasiyoepukika yabaki yalivyo. Kama chuo kinataka Kiingereza, sema Kiingereza na andika Kiingereza. Kuchanganya kwenye mazungumzo hakuna neno, lakini mstari wa juu wa slaidi uwe ni sentensi uliyoisema kwa mdomo wako.

Na slaidi zisigeuzwe makabrasha. Maelezo yote unayoogopa kuyaacha yaandikie waraka wa kurasa mbili au tatu, ugawiwe ukimaliza kuongea. Ukiugawa mwanzoni utaongea na vichwa vilivyoinama. Mkutano ambao wajumbe wanatakiwa kukagua hesabu kwa kina ni tofauti: hapo waraka utangulie siku kadhaa kabla.

Kuhusu saizi ya herufi, watu hupeana namba kama kanuni: 24, 28, 30. Namba hizo hazijui ukumbi wako. Pima hivi: umbali kutoka skrini hadi kiti cha mwisho, zidisha kwa upana wa kioo cha laptopu, gawanya kwa upana wa skrini ya ukumbini. Laptopu ya inchi 15.6 ina kioo chenye upana wa sentimita 34 hivi. Skrini ikiwa na mita 2 na kiti cha mwisho kiko mita 12, jibu ni kama mita 2. Weka laptopu mezani, rudi nyuma mita 2, usome. Usichokisoma hapo, hakuna wa mstari wa mwisho atakayekisoma. Wengi wakifanya jaribio hili wanakuta maandishi ya chini ya saizi 24 yote yanapotea, na maneno kwenye grafu yanapotea kabla ya kitu kingine, kwa sababu grafu hubandikwa na herufi zake za Excel za saizi 10.

Mwanga nao. Projekta haiwezi kutupa weusi. "Nyeusi" yake ni rangi ya ukuta ulivyo. Ukumbi wenye madirisha makubwa bila mapazia saa nne asubuhi utafanya mandhari yako ya bluu iliyokolea kuwa kijivu, na herufi nyeupe zitayeyuka humo. Kwenye ukumbi wenye mwanga tumia mandhari meupe na herufi nyeusi au bluu nzito. Mandhari meusi yaachie ukumbi unaoweza kuzimwa taa. Njano juu ya nyeupe na kijivu hafifu hazifai popote. Pia kumbi zetu nyingi zina sakafu tambarare na skrini imetundikwa chini, hivyo robo ya chini ya slaidi inafichwa na vichwa vya waliokaa mbele. Usiweke namba muhimu hapo.

Picha iwe ya kitu chenyewe. Kama unazungumzia kisima kilichoharibika, weka kisima hicho, si picha ya mikono iliyoshikana ya kupakua mtandaoni. Picha ikijaza slaidi nzima inakaa kichwani kuliko picha sita ndogo zilizopangwa kama albamu. Mwombe mpiga picha akutumie kwa WhatsApp kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, la sivyo inabanwa na ukutani itaonekana ya vumbi. Ukiikuza, vuta kwa kona. Ukivuta kwa ubavu utanenepesha watu. Baada ya kuweka picha zote, zibane ndani ya PowerPoint hadi 150 ppi (pikseli kwa inchi), maana picha 20 za simu, kila moja megabaiti 4, zinatoa faili la megabaiti 80 linalokwama kwenye kompyuta ya ukumbini. Weka nakala ya asili pembeni kabla ya kubana.

Vitu kuruka, kuzunguka na kudunda, acha. Kinachofaa ni kimoja: sehemu ya grafu kutokea pale unapoifikia kwa maneno.

Upande wa mashine ndiko kunakoharibikia mambo mengi, na karibu yote yanazuilika mapema. Uliza aina ya projekta. Slaidi za sasa ni za uwiano wa 16:9, yaani upana kwa kimo. Projekta ya zamani ya 4:3 itaziacha na mistari mieusi juu na chini, zikitumia robo tatu tu ya kimo cha picha, na herufi zako zitapungua kwa kadiri hiyo. Kama ndivyo, badilisha uwiano kabla ya kupanga vitu, si asubuhi ya mkutano. Beba kiunganishi cha HDMI kwenda VGA. Fonti ya kipekee uliyoipakua haimo kwenye kompyuta ya ukumbini. Itabadilishwa na nyingine na mistari itasukumana. Tumia Calibri au Arial, au weka fonti ndani ya faili kupitia sehemu ya kuhifadhi kwenye Options. Beba PDF ya wasilisho hilo kwenye flashi. Video iwe ndani ya faili, isitegemee intaneti ya ukumbi, na ujue kwamba ukichomeka HDMI sauti huhamia kwenye spika ndogo ya projekta, au isisikike kabisa. Fundi wa sauti akupe waya wa kuingiza kwenye mixa, uijaribu watu hawajaingia.

Kwa Windows, bonyeza Windows na P uchague Extend, ili wewe uone maandishi yako ya pembeni na hadhira ione slaidi pekee. F5 inaanza mwanzo, Shift na F5 inaanza ulipo. Herufi B inafanya skrini iwe nyeusi, ukiibonyeza tena inarudi. Itumie unapotaka wakutazame wewe, hasa mjadala ukiwaka na grafu ya zamani bado iko ukutani inawavuta macho. Umeme ukikatika, ile karatasi ya sentensi uliyoanza nayo ndiyo wasilisho lako. Iwe mfukoni.

Muda uliopewa si muda utakaoupata. Ukipewa dakika 20, andaa za 15 au 16. Hata ukisema "itifaki imezingatiwa" utambulisho na salamu vinakula sehemu yake, na aliyekutangulia amekula nyingine. Fanya mazoezi ukiwa umesimama, kwa sauti, saa ikihesabu; ukisoma kimyakimya utajidanganya kwa dakika kadhaa. Hesabu ya slaidi yenyewe isikutishe. Kwenye PechaKucha, mtindo ulioanzishwa Tokyo mwaka 2003 na wasanifu majengo Astrid Klein na Mark Dytham, mtu anaonyesha slaidi 20, kila moja sekunde 20, na anamaliza kwa dakika 6 na sekunde 40. Slaidi nyepesi zinapita haraka. Kinachokula muda ni slaidi iliyoshindiliwa. Weka alama kwenye slaidi mbili au tatu unazoweza kuruka kikaratasi cha mwenyekiti kikija, na hoja kuu isiwe miongoni mwa zilizo mwishoni pekee: iseme mapema, itolee ushahidi, kisha iombee uamuzi.

Slaidi ya "Asanteni kwa kunisikiliza" iondoe. Asante inasemwa kwa mdomo. Maswali yanaweza kuchukua dakika 15, na muda huo wote ukutani pabaki slaidi yenye ombi au hoja kuu, ili hata swali likitoka nje ya njia macho yawe yanaisoma. Baada ya hiyo, weka slaidi za akiba ambazo huzionyeshi: lile jedwali la miezi 12, namna hesabu zilivyofanywa, ramani ya eneo. Andika namba zake kwenye karatasi yako. Mjumbe akiuliza "na Machi ilikuwaje?", andika namba ya slaidi hiyo, tuseme 14, bonyeza Enter, jedwali liko ukutani bila kupitisha slaidi zote mbele ya watu. Ukimjibu, andika namba ya slaidi ya ombi, Enter, umerudi.